Ukinyimwa fidia ya ulemavu, jibu sababu iliyoandikwa kwenye barua

Barua ya kukataliwa fidia ikishafika Tandahimba au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, kwa kawaida familia hukimbilia kwa mkubwa: mwenyekiti wa kijiji, diwani, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, hata mbunge akiwa jimboni. Wote wanastahili heshima, lakini hakuna kati yao mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi wa mfuko wa fidia au wa pensheni. Barua za utambulisho zikizunguka kutoka meza moja hadi nyingine, muda wa rufaa unakwisha, na mtu aliyepoteza mkono ghalani anabaki na mihuri mingi isiyomsaidia kitu. Uamuzi wa kukataa hutenguliwa kwa ushahidi unaojibu sababu iliyoandikwa kwenye barua, ukapelekwa kwa mwenye mamlaka muda ukiwa bado upo. Tofauti na hapo ni kupoteza nauli.

Kwanza ieleweke nani analipa nini. Tanzania Bara haina ruzuku ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa sababu tu ana ulemavu. Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambako asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa watu wenye ulemavu, na zipo kaya maskini zinazosaidiwa kupitia TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Fedha zinazodaiwa kwa sheria, mtu akiumia au akiugua hadi kushindwa kufanya kazi, ziko kwenye mifuko. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, awe wa serikalini au sekta binafsi, anadai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Mfuko huo umeundwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Aliyepata ulemavu nje ya kazi anadai pensheni ya ulemavu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii anaochangia, NSSF au, kwa watumishi wa umma, PSSSF. Madai ya ajali ya ghalani yakipelekwa NSSF yatakataliwa hata kama kila karatasi ni sahihi, na miezi iliyopotea huko hairudi.

Barua yenyewe isomwe kwa utulivu, ikibidi na mtu wa pili. Tafuta sababu. Kama imeandikwa tu kwamba madai "hayakukidhi vigezo", andika siku hiyo hiyo kuomba sababu kamili na nakala ya taarifa ya kitabibu iliyotumika. Huwezi kupinga usichoambiwa, na Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Pia andika nyuma ya barua tarehe uliyoipokea na aliyekukabidhi. Kama ilikaa kwa mwajiri wiki tatu kabla hujapewa, hiyo tarehe ndiyo itakayokutetea.

Sababu inayowaumiza zaidi watu wa kusini ni ile ya kuambiwa wewe hukuwa mfanyakazi. Msimu wa korosho ukifunguka, maghala ya Mtwara, Masasi, Newala na Lindi yanajaa vibarua wa kupakia na kushusha magunia, viwanda vya kubangua vinachukua kina mama kwa mafungu, na bandarini kuli analipwa kwa siku. Karibu hakuna mwenye mkataba wa maandishi. Gunia likimwangukia mtu, mwajiri anasema huyo ni wa mtu mwingine, alikuja kujitafutia. Wengi hukata tamaa hapo, na hapo ndipo sheria ina nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa kama hata alama moja kati ya saba ipo. Namna anavyofanya kazi inasimamiwa au kuelekezwa na mwingine, saa zake za kazi zinasimamiwa na mwingine, kama ni taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Kibarua anayeingia getini saa moja asubuhi, akaelekezwa na msimamizi rundo la kupakia, akavaa glovu za ghala, ana alama tatu kabla ya saa nne. Kazi yake ni kuzithibitisha. Taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha malipo ya kila Jumamosi kutoka namba ile ile ina uzito. Picha ya daftari la mahudhurio, kitambulisho cha getini, ujumbe wa msimamizi wa "kesho njooni watu kumi", vyote ni ushahidi. Mashahidi wawili waliokuwa zamu moja naye wale kiapo cha maandishi mbele ya kamishna wa viapo, waeleze walichokiona kwa macho. "Tunamfahamu ni mchapakazi" haithibitishi ajira.

Mwajiri pia hawezi kujificha nyuma ya kutochangia. Mchango wa WCF ni wajibu wa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa hiyo jibu la "kampuni haijasajiliwa" ni kosa la mwajiri linalopaswa kuripotiwa kwa mfuko na kwa Afisa Kazi wa mkoa, lisigeuzwe kuwa kosa la aliyeumia.

Sababu ya pili ni kwamba ajali au ugonjwa haukutokana na kazi. Hapa karatasi ya kwanza ya hospitali huamua mengi. Mtu anafikishwa hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda akiwa na maumivu, daktari ana foleni ndefu, anaandika "maumivu ya kiuno" na kutoa dawa. Miezi sita baadaye mfuko unasoma kadi hiyo na hauoni ghala wala gunia. Njia ya kurekebisha ni kurudi hospitali ile ile na kuomba taarifa ya kitabibu inayoeleza historia yote: mgonjwa alisema nini siku ya kwanza, jeraha liko wapi, na kwa maoni ya daktari linaendana na kuangukiwa na mzigo au haliendani. Kama kulikuwa na ugonjwa wa zamani, usifichwe. Daktari aeleze hali ilikuwaje kabla na ajali imeongeza nini, kwa sababu mfuko ukigundua wenyewe kitu kilichofichwa, hata ukweli wako uliobaki utatiliwa shaka.

Magonjwa ya kazi yana ugumu wake. Mafuta yaliyomo kwenye ganda la korosho yanaunguza ngozi, na mbanguaji aliyekaa nayo miaka mingi anaweza kuwa na mikono isiyoshika kitu. Hakuna siku ya ajali ya kutaja. Kinachotakiwa ni historia ya kazi: miaka mingapi, kitengo kipi, alikuwa akipewa glovu na mafuta ya kinga au la, wenzake wangapi wana hali kama hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Omba matokeo ya vipimo hivyo kwa mwajiri kwa barua. Kama vipo na ulianza kazi ukiwa mzima, una ushahidi mkubwa. Kama havipo, ukosefu wake nao uandikwe kwenye rufaa, maana anayedai ulikuja na ugonjwa wako ndiye aliyepaswa kukupima mlangoni.

Kuchelewa ni sababu ya tatu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa mfuko ndani ya siku 7 tangu alipoarifiwa, na madai yana ukomo wa miezi 12. Ukiwa na nakala ya taarifa uliyompa mwajiri, hata ujumbe wa simu wenye tarehe, unaweza kuonyesha kwamba uzembe ulikuwa wake. Aliyekaa na maumivu mwaka mzima akisubiri "bosi atashughulikia" anapaswa kujua kwamba kauli ya mdomo ya bosi haisimamishi muda wa sheria.

Kisha wapo ambao hawakukataliwa moja kwa moja, ila wamepewa asilimia ndogo. Hili wengi hawalioni kama jambo la kupingwa, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kupiganiwa kuliko yote. Chini ya WCF, ulemavu wa kudumu wa asilimia 30 au pungufu hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kati ya aliyepimwa 29 na aliyepimwa 32 hakuna tofauti kubwa ya mwili, lakini mmoja anapewa fedha za mara moja na mwingine ana kipato maisha yake yote.

Anayepinga asilimia asipeleke barua ya kulalamika kwamba anateseka. Daktari mwingine, ikiwezekana bingwa wa kiungo husika, apime upya na kuandika kwa kipimo: goti linakunja nyuzi ngapi, mkono unashika uzito gani, jicho linaona kiasi gani. Kisha aseme ni wapi kipimo cha kwanza kilipungukiwa. Hitilafu ya kawaida ni kupimwa mapema, kabla mfupa haujaunga au kabla upasuaji wa pili haujafanyika. Nyingine ni kupima kiungo kimoja na kuacha mishipa ya fahamu iliyoumia pamoja nacho. Ukipokea mkupuo huku hukubaliani na asilimia, andika siku hiyo hiyo kwamba unapokea bila kuacha haki yako ya kupinga.

Angalia pia mshahara uliotumika. Malipo ya ulemavu wa muda, ambayo hulipwa kwa muda usiozidi miezi 24, hukokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato cha mwezi. Aliyekuwa akipata shilingi 300,000 anapaswa kuona 210,000. Mwajiri akiandika kwenye fomu kwamba kipato kilikuwa 150,000, malipo yanashuka hadi 105,000, na kosa hilo linaweza kuendelea hadi kwenye mafao ya kudumu. Taarifa ya benki au ya simu ya miezi kadhaa kabla ya ajali inatosha kuanzisha hoja hiyo.

Rufaa inakwenda wapi? Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa WCF hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na asiporidhika huko huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Usisubiri siku za mwisho. Kwa anayeishi Liwale au Newala, jiwekee wiki mbili tangu barua ifike, maana kupata taarifa ya daktari, kiapo na nakala kunakula muda kuliko kuandika rufaa yenyewe.

Rufaa nzuri haizidi kurasa tatu. Ina jina na namba ya madai, tarehe ya uamuzi na tarehe ulipoupokea. Inanukuu sababu ya kukataliwa neno kwa neno, halafu inaijibu, na kila jibu linataja kiambatisho: A taarifa ya daktari, B kiapo cha shahidi, C miamala. Mwishoni inasema unachoomba, kwa mfano madai yakubaliwe, au upimwe upya na madaktari wengine, au kipato kirekebishwe kuwa kiasi fulani. Rufaa isiyoomba kitu humpa msomaji ruhusa ya kutofanya kitu. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukituma kwa EMS, tunza risiti pamoja na nakala. Ukitaja vifungu, zingatia kwamba toleo la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na namba za baadhi ya vifungu zimesogea, hivyo taja sheria kwa jina lake na jambo lenyewe.

Muda ukikupita, kuna maombi ya kuongezewa muda, na hayo yana masharti makali. Mahakama zetu zinataka kila siku ya uchelewaji ielezwe. Siku ulizolazwa zionyeshwe kwa karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, siku ulizosubiri taarifa ya daktari zionyeshwe kwa barua ya kuiomba. "Sikujua sheria" haikubaliwi kama sababu.

Rufaa ya kwanza kwenda kwa Waziri ni kasoro ya mfumo, na inapaswa kusemwa waziwazi. Waziri ndiye msimamizi wa sekta na wa mfuko wenyewe. Hata afanye haki kamili, mtu aliyenyimwa hawezi kuona kwamba amesikilizwa na mtu wa tatu. Tena rufaa hiyo inaamuliwa mbali, kwa makaratasi, na mbanguaji wa Newala haonyeshi mikono yake kwa yeyote. Yangefaa mabaraza huru ya rufaa yenye daktari, mwanasheria na mjumbe anayejua kazi za eneo, yakae kwa ratiba Mtwara na Lindi kama Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inavyosikiliza migogoro ya kazi mikoani. Hadi hapo, mrufani ajue kwamba faili lake ndilo litakaloongea, na alijaze ipasavyo. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: kutoka Divisheni ya Kazi kwenda Mahakama ya Rufani, kinachosikilizwa ni hoja ya kisheria tu. Ushahidi uliosahaulika mwanzoni hautapata pa kuingilia.

Mahakamani kwenyewe hakutishi kama watu wanavyofikiri. Mahakama Kuu ina masjala Mtwara mjini. Anayetoka Lindi mjini anasafiri zaidi ya kilomita 100, lakini haendi Dar es Salaam. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Katika Mahakama ya Kazi, yaani hiyo Divisheni ya Kazi, unaweza kusimama mwenyewe, kuwakilishwa na wakili, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi au na mwakilishi uliyemchagua. Mahakama hiyo haimwamuru aliyeshindwa kulipa gharama za mwenzake isipokuwa shauri lilikuwa la kipuuzi au la kusumbua. Hofu ya "nikishindwa watauza nyumba yangu" haina msingi hapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Waulizwe kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Msaidizi wa kisheria anafaa sana kukusanya vielelezo na kupanga rufaa. Kwa kusimama Mahakama Kuu, tafuta wakili.

Kwa NSSF mambo yana sura nyingine. Pensheni ya ulemavu inataka jopo la madaktari lithibitishe kwamba umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na uwe na michango ya kutosha. Wanaokwamia kwenye michango waombe taarifa yao ya michango na kuilinganisha, mwezi kwa mwezi, na hati za mshahara. Mwezi uliokatwa kwenye hati na haupo kwenye taarifa ni fedha iliyobaki kwa mwajiri. Mfuko una mamlaka ya kumfuatilia mwajiri huyo, nawe uutake kwa barua ufanye hivyo na ufikirie upya madai yako. Waliokwamia kwa madaktari wajenge hoja juu ya kazi. Theluthi mbili ni ya uwezo wa kupata kipato, na dereva wa lori aliyepoteza jicho na karani aliyepoteza jicho hawakupoteza kitu kilekile.

Mfuko wowote ukikaa kimya au ukiamua bila kukusikiliza, na njia za ndani zimekwisha, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipitie uamuzi huo na kuutengua, au kuamuru ofisi itimize wajibu wake. Kibali cha kufungua maombi hayo kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na kikitolewa, maombi yenyewe yanafunguliwa ndani ya siku 14. Mahakama haitapima goti lako upya. Itaangalia kama utaratibu na sheria vilifuatwa. Anayetaka kufungua kesi ya kawaida ya madai dhidi ya taasisi ya serikali ajue kwamba kuna notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi zinazofunguliwa bila hayo huondolewa kabla hata shahidi mmoja hajasimama.

Na kama mwajiri amekuachisha kazi kwa sababu umeumia, huo ni mgogoro wa pili unaokwenda na saa yake. Kuachishwa kunapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, bila ada, hata kama fidia bado haijaamuliwa. Wapo wanaosubiri majibu ya mfuko kwanza ili wadai yote kwa pamoja, na majibu yanapofika siku 30 zimepita zamani. Mwajiri alipaswa kuchunguza kiasi cha ulemavu, kutafuta kazi nyepesi au marekebisho ya kazi yako, na kukusikiliza kabla ya kukuondoa. Fomu ya Tume ijazwe wiki ile ile ya barua ya kuachishwa, na nakala yake iwekwe kwenye faili moja na rufaa ya fidia, kwa kuwa maelezo ya ajali katika karatasi hizo mbili yatalinganishwa, na yakitofautiana tarehe au saa, utaulizwa upande wa pili.